Kwa nini chumvi bila sukari haimtoshi mgonjwa wa kipindupindu

Na Mwandishi Wetu, Musoma

KATIKA mialo ya Musoma na Bunda, mtengenezaji wa kayabo humpasua sangara, humpaka chumvi nyingi na kumwacha. Baada ya muda maji huchuruzika kutoka katika minofu, ingawa hakuna aliyeikamua. Chumvi iliyo nje imeyavuta kupitia tando za seli za samaki huyo. Wataalamu huliita jambo hilo osmosisi: maji huhama kutoka penye chumvi kidogo kwenda penye chumvi nyingi.

Kanuni hiyohiyo humuua mgonjwa wa kipindupindu, na hiyohiyo humponya. Ugonjwa huo, ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015, ulienea katika mikoa mingi ya Tanzania Bara, Mara ikiwamo. Mwaka 2023 uliripotiwa tena mkoani humo.

Utando wa seli ni mwembamba mno, nao umeundwa hasa kwa mafuta. Hewa ya oksijeni huupenya bila kizuizi. Chumvi na sukari haziwezi. Lazima zipite katika milango maalumu ya protini. Sumu ya bakteria wa kipindupindu huzifanya seli za utumbo mwembamba ziache wazi milango ya kloridi. Kloridi ikimwagika ndani ya utumbo, sodiamu huifuata, na maji huzifuata zote mbili. Mgonjwa aliyezidiwa huweza kupoteza hata lita moja kwa saa.

Hata hivyo, upo mlango mmoja ambao sumu hiyo haiugusi. Huo hupitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja, kila moja ikimhitaji mwenzake. Robert Crane aliueleza mwaka 1960, katika mkutano wa wanasayansi mjini Prague. Vikiingia vyote viwili, maji nayo huingia.

Mwaka 1971, Dk. Dilip Mahalanabis aliwanywesha wakimbizi wa Bangladesh mchanganyiko huo katika kambi ya Bongaon, India, dripu zilipokuwa zikimwishia. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia nne. Ni ajabu kwamba dawa iliyookoa watu wengi kiasi hicho ni sukari na chumvi za kawaida!

Pakiti ya ORS inayotolewa zahanati huchanganywa na lita moja kamili ya maji safi na salama. Hapa ndipo wengi hukosea, iwe mjini Musoma au katika vijiji vya Butiama: pakiti nzima humiminwa katika chupa ya nusu lita, kwa imani kuwa dawa kali huponya upesi. Mchanganyiko mzito hufanya utumboni kile ambacho chumvi humfanyia sangara, yaani huyavuta maji nje ya mwili. Ndiyo maana mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF waliipunguza nguvu fomula ya awali.

Pakiti ikikosekana, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, hutosha kwa lita moja. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Mgonjwa aliyelegea asiyeweza kunywa apelekwe haraka kituo cha afya atundikiwe dripu, na njiani aendelee kunyweshwa kidogo kidogo iwapo bado anameza.