Unyanyasaji wa Kingono Kazini: Malalamiko Yapelekwe kwa Nani? (Sehemu ya Pili)

Baada ya sehemu ya kwanza kueleza sura mbili za unyanyasaji wa kingono kazini, yaani kudai ngono ili mtu apewe ajira, cheo au likizo, na kumchafulia mtu mazingira ya kazi kwa maneno, picha na kumshikashika hata kama hajaombwa chochote, sehemu hii inachunguza namna sheria za nchi mbalimbali zinavyomtaka mwajiri aweke sera, na kwa nini sera nyingi zilizoandikwa kwa ufasaha hazimfikishi mlalamikaji popote.

Nchi hutofautiana kwanza katika sheria inayobeba kosa hili. Tanzania ililiingiza katika Kanuni ya Adhabu kupitia Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalum) ya mwaka 1998, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 5, ilhali Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inambana mwenye mamlaka anayegeuza ngono kuwa sharti la ajira au upendeleo, jambo ambalo wananchi huliita rushwa ya ngono. Njia ya jinai inatisha, na inastahili kutisha, lakini mashtaka yake lazima yathibitishwe pasipo kuacha shaka, nayo humlenga mkosaji peke yake huku mwajiri akibaki mtazamaji.

Marekani ilipita njia nyingine, kwa kuwa mahakama zake ziliusoma unyanyasaji huu kuwa ubaguzi wa kijinsia unaokatazwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, na hivyo mwajiri mwenyewe akawa mdaiwa. Katika shauri la Meritor Savings Bank dhidi ya Vinson, lililoamuliwa mwaka 1986, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mazingira ya kazi yaliyochafuliwa ni ubaguzi hata pale mfanyakazi asipopoteza mshahara wala cheo. Benki ilijitetea kwamba ilikuwa na utaratibu wa malalamiko ambao mfanyakazi hakuutumia. Mahakama ikabaini kuwa utaratibu huo ulionekana kumtaka aanze kwa msimamizi wake, naye ndiye aliyekuwa akilalamikiwa. Miaka 12 baadaye, mji wa Boca Raton katika jimbo la Florida ulishindwa katika shauri la Faragher, kwa sababu, pamoja na mengine, sera uliyokuwa nayo haikusambazwa kwa waokoaji wa ufukweni. Sera iliyofungiwa kabatini haimlindi mfanyakazi, na mahakamani haimwokoi hata mwajiri.

India ndiyo iliyolishughulikia swali la nani apokee malalamiko kwa undani zaidi. Mwaka 1997, kufuatia kubakwa kwa mhudumu wa maendeleo wa Rajasthan aliyekuwa akipinga ndoa za watoto, Mahakama ya Juu ilitoa mwongozo wa Vishaka, uliotumika kama sheria mpaka Bunge lilipotunga sheria kamili mwaka 2013. Kwa sheria hiyo, mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi huunda kamati ya ndani inayoongozwa na mwanamke mwenye cheo cha juu, yenye wanawake wasiopungua nusu ya wajumbe, pamoja na mjumbe wa kutoka nje asiyemtegemea mwajiri kwa mshahara, na uchunguzi hutakiwa kukamilika ndani ya siku 90. Wafanyakazi wa sehemu ndogo zaidi, wakiwemo wa majumbani, huelekezwa kwa kamati ya wilaya, ingawa utekelezaji wa kamati hizo umelalamikiwa mara nyingi kuwa dhaifu.

Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe tamko la sera baada ya kushauriana nao au wawakilishi wao, na amfahamishe kila aliye chini yake. Uganda nayo ilitunga kanuni mahususi mwaka 2012. Kasoro ya kuhesabu vichwa ni kwamba mfanyakazi wa ndani, mhudumu wa mkahawa na msaidizi wa duka hubaki nje ya wajibu huo, na hao ndio wasio na ofisi ya utumishi ya kukimbilia. Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2021, hauweki kiwango cha namna hiyo: unamlinda hata mwanagenzi na mwombaji kazi, na unahesabu safari za kikazi, malazi yanayotolewa na mwajiri na ujumbe wa simu kuwa sehemu ya kazi.

Kwa hiyo nchi za Afrika Mashariki zingefaidika zaidi kwa kuunda chombo cha wilaya chenye bajeti na wajumbe huru, kuliko kuongeza miaka ya kifungo. Msomaji aliyeajiriwa na aiombe sera ya mahali pake pa kazi, asome kwanza kifungu kinachomtaja mpokeaji wa malalamiko, na akikuta ni bosi mmoja pekee, achukue hoja hiyo kwenye chama cha wafanyakazi. Sehemu ya tatu itahusu ushahidi na namna ya kuuhifadhi.