MASHINE YA NUKTA NUNDU DARASANI

Leo nataka tuzungumze habari za mtoto asiyeona anayesoma katika shule ya msingi ya kawaida hapa Tanzania, pamoja na wenzake wanaoona. Elimu ya namna hii huitwa elimu jumuishi.

Mtoto huyu huandika kwa nukta nundu. Maandishi haya yalitungwa na Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809, akapofuka angali mdogo. Kila herufi hufanywa kwa nukta zisizozidi 6, zilizoinuka juu ya karatasi, nazo husomwa kwa ncha za vidole. Mashine ya kuandikia iliyoenea sana, iitwayo Perkins, ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1951. Ina vibonye 6, kimoja kwa kila nukta, na kingine cha kuacha nafasi. Haihitaji umeme.

Basi mtu atasema: mpeni mtoto mashine, kazi imekwisha. Sivyo. Nilipata kufika shule moja nikaikuta mashine imefungiwa kabatini, maana mwalimu mkuu alichelea isiharibike. Mtoto mwenyewe alikaa dawati la mbele, mikono mitupu, akisikiliza wenzake wakiandika. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu, lakini siku ile hakuandika hata neno moja. Nilipouliza sababu, niliona mambo matatu.

Kwanza, karatasi. Karatasi ya daftari ni nyepesi. Nukta hulala upesi, vidole visipate kitu. Yatakiwa karatasi nene, nayo huisha haraka, kwa kuwa ukurasa mmoja wa kitabu cha kawaida huweza kujaza kurasa mbili au zaidi za nukta nundu.

Pili, matengenezo. Vumbi likiingia, vibonye hukwama. Mashine ifunikwe kila jioni, na fundi atafutwe mapema, siyo baada ya kuharibika.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mwalimu. Asiyejua nukta nundu hawezi kusahihisha kazi ya mtoto, na kosa la leo hubaki mpaka mwakani. Tena mwalimu akiandika ubaoni bila kutamka, mtoto hana la kuandika.

Wengine huuliza: je, siku hizi hakuna simu na kompyuta zinazosoma kwa sauti? Zipo, na zinasaidia sana penye umeme. Lakini kusikia siko kusoma. Mtoto anayesikia tu neno ng'ombe atajuaje kama huandikwa kwa ng' au kwa ng?

Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao unataja elimu jumuishi. Lakini mkataba hauwezi kufungua kabati. Kazi hiyo ni yetu, wazazi, walimu na kamati ya shule.

Sasa zungumzeni katika kikundi chenu:

1. Je, katika kijiji chenu yuko mtoto asiyeona ambaye hajaandikishwa shule?
2. Kama shule yenu ina mashine, iko wapi wakati huu, na nani anaitumia?
3. Fedha za karatasi za mwaka mzima zitatoka wapi?

Andikeni majibu yenu, myapeleke kwa mwalimu mkuu. Kwa herini, mpaka juma lijalo.