Je, Wajua? Mlango Upo, Kuingia Ndiyo Kazi

Je, wajua kwamba sheria ya Marekani ya haki za watu wenye ulemavu, maarufu kwa kifupi cha ADA, ilitiwa saini na Rais George H. W. Bush tarehe 26 Julai 1990? Mwezi Machi mwaka huohuo, wanaharakati waliacha viti vyao vya magurudumu chini, wakapanda ngazi za Bunge mjini Washington kwa kutambaa, wakiidai sheria hiyo.

Je, wajua kwamba duka lililojengwa kabla ya sheria hiyo halikusamehewa? Wenye majengo wengi hudhani limesamehewa. Kizuizi kinachoweza kuondolewa bila gharama kubwa lazima kiondolewe.

Je, wajua kazi ya ile mistari ya mshazari pembeni mwa maegesho ya walemavu? Si pambo. Ni nafasi ya angalau futi 5 ya kushushia kiti na kukiingia. Pikipiki ikiegeshwa hapo, mwenye gari atarudi na ununuzi wake mapajani akute mlango haufunguki vya kutosha.

Je, wajua kwamba kila inchi 1 ya kupanda hudai inchi 12 za mteremko? Ngazi mbili zenye kimo cha jumla cha sentimita 30 zinahitaji meta 3.6. Kile kibao kinachoegemezwa mlangoni mkaguzi akija, basi, hakifai kitu.

Na vyooni ndiko kwenye vituko. Je, wajua kwamba bomba la maji moto chini ya sinki linatakiwa kufunikwa? Anayeketi kwenye kiti huingiza miguu chini ya sinki, na miguu iliyokufa ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Kitasa cha duara nacho hakiruhusiwi, kwa kuwa hudai kubana na kusokota, kazi ngumu kwa mkono usio na nguvu. Kioo juu ya sinki kisianzie zaidi ya inchi 40 kutoka sakafuni. Yote haya fundi anaweza kuyatimiza, kisha mfanya usafi akajaza ndoo, fagio na pipa pale pa kugeuzia kiti.

Je, wajua kwamba tovuti nayo ina ngazi zake? Mwaka 2008 kampuni ya Target ilikubali kulipa dola milioni 6 kumaliza kesi iliyohusu tovuti ambayo wasioona hawakuweza kuitumia. Picha isiyo na maelezo ya maandishi haiambii kitu programu ya kusoma skrini: msikilizaji huambiwa "picha", au husomewa jina la faili, tarakimu tupu.

Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kusikiliza rufaa ya kampuni ya piza ya Domino's, iliyoshtakiwa na mteja asiyeona aliyeshindwa kuagiza piza kwenye tovuti yake.

Je, wajua kwamba maandishi ya kijivu juu ya weupe yana kipimo? Viwango vya kimataifa vya ufikivu wa tovuti, WCAG, vinataka uwiano wa 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake. Wabunifu wanaopenda kijivu hawapendi kusikia hili.

Una tovuti ya biashara? Sukuma kipanya kando, kisha agiza bidhaa yako mwenyewe kwa kibodi tu, hadi kulipa. Ukikwama, mpigie fundi wako leo.