KUTEMBEA MJINI WAKATI WA BARIDI: MWONGOZO KWA WAWILI

Wengi wetu hapa chuoni tunaishi na wenzi wetu, na wengi tunaogopa miezi hii ya giza. Kwa hiyo nimeona nieleze jinsi mke na mume wanavyoweza kwenda mji mwingine kwa siku mbili, wakautazama kwa miguu, bila kufilisika na bila kurudi wamenuniana. La kwanza nalijua kwa hesabu. La pili nimelijua kwa kuumbuka.

Sisi ni watu wa Tanga, na tunakaa Newcastle. Mimi niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamivu ya uhandisi, mke wangu anafanya kazi ya usiku kwenye ghala. Mimi nikitoka asubuhi, yeye ndio kwanza anaingia kulala. Nikirudi, yeye anafunga kamba za viatu. Desemba aliniuliza, tena bila kupandisha sauti, "Hivi mimi nimeolewa na wewe au na koti lako linaloning'inia mlangoni?" Sikuwa na jibu. Nikakata tiketi mbili za kwenda Edinburgh, wikiendi ya pili ya Januari.

NAULI NA CHAKULA

Kutoka Newcastle mpaka Edinburgh ni kama saa moja na nusu kwa treni. Ipo kadi ya reli iitwayo Two Together, yenye majina na picha za watu wawili, ambayo inapunguza theluthi moja ya nauli mkisafiri pamoja. Siku za kazi haitumiki kabla ya saa tatu na nusu asubuhi. Chakula tulibeba chapati na chupa ya chai ya tangawizi. Makumbusho ya Taifa ya Scotland yaliyoko Chambers Street hayana kiingilio, na jumba la taifa la michoro lililoko pale Mound halina pia. Gharama kubwa ikabaki chumba cha usiku mmoja tu.

ANZA NA JUA, SIYO NA RAMANI

Kwetu Tanga jua halina maringo, linachomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, tofauti ni dakika chache. Edinburgh iko karibu nyuzi 56 kaskazini ya ikweta. Katikati ya Januari jua linachomoza kama saa tatu kasoro dakika ishirini asubuhi na kuzama karibu saa kumi. Yaani una mwanga wa saa saba na kidogo. Toa saa moja ya kula na nyingine ya kujipasha joto ndani, zinabaki tano. Mambo ya nje yafanyeni kati ya saa nne na saa tisa. Makumbusho yaacheni kwa jioni, maana yanafungwa saa kumi na moja.

Mwanga huo una kazi nyingine. Ndio unaoiambia saa ya mwilini kwamba sasa ni mchana, na mtu wa kazi za usiku anaweza kuukosa wiki nzima. Ila msitegemee jua hilo liwape vitamini D, kwa kuwa wakati wa baridi huku halina nguvu hiyo. Idara ya afya ya hapa inashauri kila mtu afikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku majira haya, na sisi wenye ngozi nyeusi mwaka mzima.

MAVAZI

Koti halitengenezi joto, linazuia tu joto lako lisitoke. Kinachozuia hasa ni hewa iliyotulia kati ya nguo na nguo, kwa sababu hewa hupitisha joto kwa shida. Ndiyo maana nguo tatu nyembamba zinashinda moja nene: ya ndani isiyoshika jasho, ya kati ya sufu, ya juu ya kukinga upepo. Fulana ya pamba iacheni nyumbani. Pamba hunywa jasho, na ukisimama ile maji inakunyonya joto. Kabla ya kupanda mlima fungua koti, ukifika juu lifunge. Penye barafu piga hatua fupi, unyayo wote chini kama bata, mikono nje ya mifuko ili ukiteleza ujishike.

KWA NINI EDINBURGH

Kwa sababu mji wenyewe unajieleza ukiutembea. Ngome yake imekaa juu ya mwamba wa volkano iliyozimika tangu miaka kama milioni 350 iliyopita. Zama za barafu, barafu kubwa ilisukumwa kutoka magharibi, ikala mawe laini ya pembeni, ikashindwa na ule mwamba, na nyuma yake ukabaki mteremko mrefu kama mkia. Barabara ya Royal Mile imepita juu ya mkia huo, kama kilomita 1.8, kutoka ngomeni hadi kasri ya Holyrood. Kwa hiyo anzieni juu mkishuka.

KOSA LANGU

Hayo yote niliyajua kabla ya kuondoka. Nilikuwa na jedwali lenye sehemu 14, kila moja na dakika zake. Jumamosi saa saba kamili mchana tulikuwa karibu na ngome, mzinga ukalia. Hupigwa kila siku isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi, tangu 1861. Mke wangu alirukia mkono wangu, akacheka kicheko ambacho sikukisikia tangu afike. Na mimi, kwa akili zangu, nikatazama saa nikasema, "Twende, tumechelewa dakika kumi na mbili."

Tukashuka haraka. Saa nane na nusu, kwenye ngazi moja nyembamba ya mawe yenye utelezi, alisimama katikati. "Wewe unakagua mji au unatembea na mimi?" Nikajibu kwamba jua linazama. Akasema, "Lizame." Watu wakawa wanatupita kwa pembeni.

Tulikwenda makumbusho mapema, tukakaa kwenye benchi, hatukutazama kitu. Hapo ndipo aliponiambia kwamba tangu Novemba anatafuta tiketi ya kurudi nyumbani, na hakuniambia kwa sababu kila akinikuta nina haraka. Nikalikunja jedwali.

SIKU YA PILI

Jumapili alipanga yeye, akachagua sehemu tatu tu. Tulipita jengo la zamani la chuo kikuu, Old College. Mwalimu Nyerere alisoma chuo hicho kuanzia 1949, akapata shahada yake 1952. Mke wangu akasema, "Na yeye baridi hii ilimpiga," tukacheka.

Kisha tukateremka barabara ya chini iitwayo Cowgate. Akainua macho akauliza, "Lile tao ni la nini?" Nikamweleza kuwa ni South Bridge, daraja lililokamilika 1788. Lina matao 19, lakini 18 yamefichwa na majengo yaliyobanana nalo pande zote mbili. Ukipita juu unaona maduka tu, hujui kama uko darajani. "Kumbe tulikuwa juu yake muda wote ule," akasema. Tulisimama chini ya tao lile muda mrefu kuliko jedwali langu lingeruhusu. Yeye ndiye aliyesema twende, akinywa chai.

Sehemu ya tatu ilikuwa benchi la bustani ya Princes Street, basi. Tukala chapati, tukazungumza mambo ya tiketi.

KWA UFUPI

Mwendo uwe wa yule anayechoka mapema. Pangeni sehemu tatu kwa siku. Anayejua historia asubiri kuulizwa. Na kama mwenzako ana neno, mtembee bega kwa bega, kwani maneno mengine hutoka vizuri mkiwa mnatazama mbele na siyo mkitazamana.

Sitawadanganya kwamba safari moja ilimaliza kila kitu. Mke wangu atakwenda Tanga miezi miwili mwezi wa Juni, tumekubaliana, na tiketi amekata ya kwenda na kurudi. Ameomba ghalani wampe zamu za mchana, bado tunasubiri jibu. Ila kila Jumapili saa sita koti langu linatoka mlangoni pamoja na la kwake, tunafuata kingo za mto Tyne mpaka mwanga uishe. Mkituona tupungieni mkono.