Gari la Michezo Lililozama Mafurikoni: Thamani ya Mabaki Hupatikanaje na Mnunuzi Achukue Tahadhari Gani

Mwananchi anayekusudia kuagiza kutoka nje ya nchi gari la michezo, yaani gari la kifahari lililoundwa kwa ajili ya kasi, anapaswa kujihadhari na bei iliyo chini mno ya soko. Mara nyingi bei hiyo si punguzo. Huenda ikawa ni thamani ya mabaki, yaani kiasi ambacho soko liko tayari kulipia gari ambalo kampuni ya bima imekwisha kulihesabu kuwa ni hasara kamili baada ya kuzamishwa na maji.

Suala hili limepata uzito kutokana na mafuriko yaliyoikumba miji yenye magari mengi ya aina hiyo. Mnamo Septemba 28, 2022 Kimbunga Ian kilipopiga pwani ya Jimbo la Florida, Marekani, maji ya bahari yalilisukuma nje ya gereji ya nyumba moja mjini Naples gari aina ya McLaren P1, toleo ambalo magari yake 375 pekee yaliuzwa duniani, kila moja kwa zaidi ya dola milioni 1. Baadaye gari hilo liliuzwa mnadani likiwa mabaki. Aprili 16, 2024 Umoja wa Falme za Kiarabu ulipata mvua kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zilipoanza kuwekwa mwaka 1949. Katika eneo la Al Ain zilipimwa milimita 254 ndani ya muda usiofikia saa 24, na barabara za Dubai zikajaa magari yaliyotelekezwa majini. Dubai ni miongoni mwa vituo vikubwa vya biashara ya magari na vipuri vilivyotumika vinavyoletwa Afrika Mashariki.

Sababu za gari la michezo kuathirika zaidi

Gari la michezo hukaa karibu sana na ardhi ili liwe imara katika mwendo wa kasi. Kina cha maji ambacho gari la kawaida la juu hupita bila shida hutosha kuingia ndani ya gari la michezo na kufika kwenye njia ya kuvutia hewa ya injini. Maji, tofauti na hewa, hayagandamizwi. Yakiingia kwenye silinda wakati injini inazunguka, pistoni hukwama na konrodi hupinda au kuvunjika kwa mzunguko mmoja tu. Ndiyo maana mwenye gari lililozama hushauriwa asijaribu kuliwasha kabla fundi hajalikagua.

Sababu ya pili ni umeme. Kompyuta ndogo zinazoongoza injini, gia, breki na mifuko ya hewa huwekwa mara nyingi chini ya viti au sakafuni. Maji yakipenya kwenye soketi za nyaya, kutu ya kijani huanza kula shaba polepole. Hitilafu inaweza kuchelewa miezi kadhaa, gari likiwa limekwisha kubadili mmiliki. Mfuko wa hewa uliolowa unaweza kushindwa kufunguka wakati wa ajali.

Bodi ya nyuzi za kaboni haishiki kutu. Hata hivyo, boliti, mabano na vipande vya alumini vilivyounganishwa nayo huliwa haraka vikikutana na chumvi, na uharibifu huo hufichika ndani ya maungio.

Hesabu ya hasara kamili

Kampuni ya bima hulinganisha namba tatu: thamani ya gari kabla ya mafuriko, gharama ya matengenezo, na kiasi kitakachopatikana mabaki yakiuzwa. Kwa mfano, gari lilikuwa na thamani ya shilingi milioni 200, matengenezo yanahitaji milioni 120, na wanunuzi wako tayari kutoa milioni 90 kwa mabaki. Matengenezo na mabaki kwa pamoja ni milioni 210, kiasi kinachozidi thamani ya gari. Kampuni humlipa mteja fidia kwa mujibu wa mkataba, huyachukua mabaki na kuyapeleka mnadani. Baadhi ya majimbo ya Marekani hutumia kigezo cha asilimia. Florida, kwa mfano, huzingatia gharama ya matengenezo inapofikia asilimia 80 ya thamani.

Mfano huo unaonesha jambo ambalo wengi hawalitarajii: kadiri mabaki yanavyokuwa na thamani kubwa, ndivyo gari linavyohesabiwa kuwa hasara kamili kwa urahisi zaidi. Gari la michezo liko katika hali hiyo. Milango, rimu, vioo, taa na breki zake ni ghali, na kwa matoleo machache vipuri hivyo havipatikani kirahisi dukani. Anayenunua mabaki kwa kawaida hununua vipande hivyo. Akiamua kulifufua gari zima, anabeba mwenyewe hatari ambayo kampuni ya bima imekataa kuibeba.

Kina cha maji, chumvi na muda

Mambo matatu huamua thamani iliyobaki. La kwanza ni kina cha maji. Nchini Japani, ambako magari mengi yaliyotumika yanayoletwa Tanzania na Kenya hutoka, wakadiriaji hupunguza asilimia 30 ya thamani ya msingi maji yakifika sakafuni, asilimia 40 yakifika juu ya kikalio cha kiti, na asilimia 50 yakifika juu ya dashibodi.

La pili ni aina ya maji. Maji ya bahari hupitisha umeme vizuri na huacha chumvi inayoendelea kula chuma hata gari likikauka. Kimbunga Sandy kilipoifurika bandari ya Newark, Marekani, mwishoni mwa Oktoba 2012, magari mapya zaidi ya 300 aina ya Fisker Karma, yanayotumia petroli na umeme, yaliharibika, na 16 kati yake yakateketea kwa moto. Kampuni iliyoyatengeneza ilieleza kuwa chumvi ilisababisha shoti katika mfumo wa betri ya volti 12. Baada ya Kimbunga Ian pia, mamlaka za Florida zilitahadharisha kuhusu magari ya umeme yaliyozama kuwaka moto siku kadhaa baadaye.

La tatu ni muda. Gari lililotolewa majini na kukaushwa mapema huhifadhi thamani zaidi kuliko lililokaa wiki nzima likisubiri mkadiriaji.

Nyaraka ndizo zinazosema ukweli

Gari likisafishwa na kubadilishiwa mazulia, macho pekee hayatoshi kulitambua. Nchini Marekani hati ya umiliki ya gari la namna hii hupigwa alama ya mabaki au mafuriko, lakini wapo wanaolihamishia gari jimbo jingine ili wapate hati isiyo na alama. Kuzuia udanganyifu huo, upo mfumo wa taifa wa taarifa za umiliki ambamo kampuni za bima na yadi za mabaki hutakiwa kuripoti magari kwa namba ya chasisi. Kwa magari ya Japani, karatasi ya ukaguzi ya mnada hutaja gari lililoingiwa na maji, hivyo mnunuzi adai karatasi halisi pamoja na tafsiri yake.

Hatua za kuchukua kabla ya kulipa

Mnunuzi ahakiki historia ya gari kwa namba ya chasisi kabla ya kutuma fedha. Akilikagua gari, avute mkanda wa usalama hadi mwisho kutazama mstari wa tope, ainue zulia, aangalie reli za viti na ndani ya taa, na ajihadhari na manukato makali yanayoweza kuficha harufu ya ukungu. Tahadhari hiyo inahusu pia vipuri vilivyotumika, hasa kompyuta za gari na mifuko ya hewa.

Aidha, bei ndogo ya mabaki isichukuliwe kuwa ni kodi ndogo. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina kikokotoo chake cha thamani ya magari yaliyotumika, kinachopatikana katika tovuti yake. Gari linatakiwa pia kukidhi matakwa ya ukaguzi ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na kwa Kenya, Shirika la Viwango la Kenya (KEBS).

Kwa anayemiliki gari tayari, bima ndogo hailipi hasara ya gari lake mwenyewe. Mwenye bima kubwa asome mkataba wake kuona kama mafuriko yametajwa. Maji yakilifika gari, apige picha zinazoonesha kina chake, atoe taarifa kwa kampuni ya bima mapema, na asiliwashe.