Agano la Adui na Agano la Jirani

Wazee wetu walijua mapatano ya namna mbili. Watu waliweza kupatana kwa sababu wote wawili wanamchukia mtu wa tatu. Tena waliweza kupatana kwa sababu wanategemeana shambani, sokoni na matangani. Kwa nje mapatano hayo yafanana kama mapacha. Leo twataka kuyapambanua, maana katika Masisi na Walikale jambo hilo ni la uhai na mauti. Tuanze mbali, ili macho yetu yazoee kuona kabla hatujatazama nyumbani.

Mwaka 1295 John Balliol, mfalme wa Uskoti, alifanya agano na Philip IV, mfalme wa Ufaransa. Wote wawili walisumbuliwa na mfalme wa Uingereza, nao wakaahidiana kwamba akimshambulia mmoja, mwenzake atampiga kutoka upande wa pili. Agano hilo, lililofanywa upya mara nyingi, lilidumu miaka 265, wala si la kudharauliwa. Mwaka 1421, huko Baugé, Waskoti walisaidia kuwashinda Waingereza katika nchi ya Ufaransa. Mtakatifu Yoana wa Arc alipoukomboa mji wa Orléans mwaka 1429, Waskoti walikuwamo jeshini, na askofu wa mji huo alikuwa Mskoti, John Carmichael.

Lakini na tuhesabu gharama. Mwaka 1424, huko Verneuil, Waskoti walikufa kwa maelfu katika vita vya mfalme asiye wao. Mwaka 1513 Mfalme James IV aliitikia mwito wa Ufaransa, akaingia Uingereza, naye akauawa Flodden pamoja na wakuu wengi wa nchi yake, hata askofu mkuu wa St Andrews, mwanawe mwenyewe. Kisha mwaka 1560 Waskoti wengi waliwaona Waingereza kuwa wenzao katika dini mpya. Agano likavunjika, na askari wa Ufaransa wakarudi kwao. Adui alipoacha kuwa adui, kamba ilikatika.

Hata hivyo, kipo kilichobaki. Vijana wa Uskoti walikuwa wamezoea kwenda Paris kusoma, na Chuo cha Waskoti katika mji huo kiliendelea kulea mapadre mpaka wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 18. Kilichofungwa kwa upanga kilikufa. Kilichofungwa kwa masomo kiliishi zaidi ya miaka 200 baada yake.

Sasa turudi nyumbani. Pinga ni mahali katika Walikale, karibu na mpaka wa Masisi. Mwezi wa Mei 2022 walikutana huko viongozi wa makundi kadhaa yenye silaha, ambayo baadhi yake yalikuwa yamepigana vikali yenyewe kwa yenyewe. Wakapatana kutoshambuliana, na kusimama pamoja juu ya yule waliyemwita mchokozi, wakati vita vya M23 vilipokuwa vimewaka tena. Waliokuwa wakiwindana jana wakawa wenzi. Hata hivyo vita havikusimama. Januari 2025 M23 iliushika mji wa Masisi, na Machi mwaka huo ikaingia Walikale, kisha ikaondoka huko mwanzoni mwa Aprili. Ripoti za Umoja wa Mataifa zimetaja maovu ya pande zote juu ya raia.

Hatuandiki haya ili kumlaumu mtu anayetaka kulinda watoto wake. Ambaye nyumba yake yaungua hachagui mno nani amsaidie kubeba maji. Twauliza swali moja tu: siku yule adui atakapoondoka, ni nini kitakachowafunga pamoja wale waliopatana? Ikiwa jibu ni kwamba hakuna, basi amani yao ni kivuli cha vita, na kivuli hutoweka pamoja na mti wake.

Labda msomaji atasema, «Hata ujirani haukutuokoa.» Kweli, na ukweli huo wauma. Machi 1993 vita vilianza kwenye soko la Ntoto, katika Walikale, vikaenea mpaka Masisi, na maelfu wakafa: Wahunde, Wanyanga, Wahutu, Watutsi. Walikuwa watu waliozoea kuuziana maharagwe na maziwa. Basi ujirani nao wapungukiwa na kitu. Ni kitu gani?

Jibu twalipata katika hadithi ya Mwindo, utenzi mkubwa wa Wanyanga, ambao Shekarisi Rureke aliusimulia mwaka 1956, na Daniel Biebuyck akauandika. Nkuba, yaani radi, alikuwa rafiki wa Mwindo, na alimsaidia vitani. Lakini Nkuba alikuwa amechanjiana pia na Kirimu, joka lenye vichwa vingi. Mwindo alipoliua joka hilo, Nkuba hakusema, «Huyu ni rafiki yangu, afanye apendavyo.» Alimchukua juu mbinguni, akamwadhibu kwa muda wa mwaka mzima, mpaka shujaa akajifunza kiasi. Aliporudi, aliwapa watu wake sheria za kuishi kwa amani.

Ndicho kitu tulichopungukiwa. Rafiki wa kweli si yule anayekusaidia kumpiga kila unayemchukia. Ni yule anayekushika mkono usiue, kwa kuwa yule unayetaka kumwua naye ana nduguze. Mwaka 1993 wengi walikuwa na marafiki upande wa pili, waliokosekana ni watu wa kutosha wa kumwambia ndugu yao wenyewe, «Hapana.»

Enyi baba na mama, hatuwezi kutia sahihi mapatano ya wenye bunduki. Lakini twaweza kuchagua wasimamizi wa ubatizo wa watoto wetu kutoka kabila jingine, kuwapeleka watoto hao wakamsaidie jirani kuvuna, na kunyamazisha jikoni kwetu neno la matusi juu ya kabila la watu, hata likisemwa na mjomba mwenye heshima. Mtoto aliyemsikia baba yake akisema «Hapana» mezani, naye atajua namna ya kulisema sokoni.