Jino la Mtoto Halingoji Mwisho wa Mwezi

Kila askari amefunzwa huduma ya kwanza: kuzuia damu, kumtuliza majeruhi na kumfikisha kwa tabibu bila kuchelewa. Lakini mafunzo hayo mara nyingi huachwa kwenye lango la kambi. Mtoto akilia jino usiku nyumbani Musaga, huambiwa avumilie, kwani ni jino la utoto tu, litang'oka lenyewe. Ama hungojewa mshahara wa mwisho wa mwezi.

Hoja hiyo haina msingi. Meno ya utoto ni 20. Huanza kuota mtoto akikaribia miezi 6, na ya mwisho hudumu kinywani hata karibu na miaka 12. Usaha ukikaa kwenye mzizi waweza kuliharibu jino la kudumu linalojijenga chini yake. Dawa za kuua vijidudu hupunguza uvimbe, lakini haziondoi asili ya ugonjwa. Jino lenyewe halina budi kutibiwa au kung'olewa. Tetrasaiklini asipewe mtoto asiyetimiza miaka 8, maana huyatia meno rangi isiyofutika. Wala aspirini isibandikwe kwenye ufizi, kwani huuunguza.

Uvimbe ukipanda kuelekea jichoni au ukishuka chini ya taya, mtoto akawa na homa kali, akashindwa kumeza, kufumbua kinywa au kupumua vema, hiyo ni hatari ya mauti. Apelekwe hospitali usiku ule ule.

Na akianguka je? Kwanza tuangalie kichwa: akizimia, akitapika au akisinzia kupita kawaida, hilo hutangulia jino. Damu huzuiwa kwa kuuma kitambaa safi kwa dakika 10 hivi. Jino la utoto lililong'oka lisirudishwe kamwe, lisije likaumiza lile la chini yake. Bali jino la kudumu laweza kuokolewa. Lishikwe upande wa kutafunia, si mzizi. Likiwa na uchafu lisuuzwe kidogo bila kusuguliwa. Kisha lirudishwe tunduni pake, na mtoto aume kitambaa kulishikilia. Ikishindikana, litiwe ndani ya maziwa, lisiachwe likauke. Kila dakika ina thamani, na baada ya saa moja jino likiwa kavu matumaini hupungua sana. Kutoka Musaga, kusini ya mji, hadi Hospitali ya Kijeshi ya Kamenge, kaskazini, ni kuuvuka mji mzima. Kwa hiyo kazi ya kwanza hufanywa pale pale mtoto alipoangukia.

Liko jeraha jingine, baya zaidi, ambalo watu wazima humtia mtoto kwa makusudi. Katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, mtoto mchanga akiharisha na kuwa na homa, baadhi ya waganga huukata ufizi wake kwa spoku ya baiskeli au kisu, wakidai kuondoa kile kiitwacho Tanzania «meno ya plastiki», na Uganda «ebino». Wanachokitoa ni chipukizi la jino la kawaida. Mtoto hupoteza damu, hupata maambukizo, pengine pepopunda, na wengine hufa; wanaopona huweza kuota meno yenye kasoro. Kuharisha kwataka maji ya chumvi na sukari pamoja na tabibu, si spoku. Mwezi wa Mei 2006 serikali ya Burundi iliondoa malipo ya matibabu kwa watoto wasiotimiza miaka 5 katika vituo vya umma. Basi hata udhuru wa fedha hauwezi kumpeleka mtoto huyo penye kisu.

Ndugu askari na polisi, mara nyingi mtoto huumia sisi tukiwa lindoni. Maarifa haya yasibaki nasi peke yetu. Tumfundishe mama wa nyumbani, yaya na mwalimu wa shule, kwani wao ndio watakaoliokota jino lile.